Alama Chini ya Komeo

Nilimkana baba yangu mwaka 1996, ndani ya bweni la shule ya wasichana, nikiwa na miaka 14. Mwenyewe hakuwapo. Alikuja kulijua jambo hilo miaka mingi baadaye, na aliyemwambia ni mimi.

Aliyesoma sekondari ya bweni nchini Kenya analijua sanduku la bati. Mtoto alipoingia kidato cha kwanza alibeba godoro, ndoo na sanduku lenye kufuli, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kila alichokuwa nacho duniani: sabuni, biskuti, madaftari, barua kutoka nyumbani. Siku ya kuripoti tulipanga masanduku yetu kando ya vitanda. Jirani yangu alikuwa ameletwa kwa gari la mama yake kutoka mtaa wa kitajiri wa Lavington, na sanduku lake lilikuwa la buluu, jipya, bado linanuka rangi. Usiku ufunguo wake ukamponyoka ukaingia nyuma ya sanduku. Tukaliinua upande mmoja tuutafute, mwanga wa taa ukapiga chini ya komeo, nikaona nukta tatu na kistari kimoja, vimegongwa kwa msumari kabla ya rangi kupakwa.

Sanduku langu lilikuwa na alama hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Ilikuwa ya baba. Nilimwona akiigonga tangu sijajua kusoma.

"Kumbe masanduku yetu yanafanana," akasema yule msichana. "Babako anafanya kazi gani?"

Nikamwambia ni karani huko viwandani.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Ningeweza kusema daktari, au wakili, maana uongo hauna bei. Nilisema karani kwa sababu kwa mtoto wa Shauri Moyo karani ndiye mtu wa kwanza unayemkuta ukipanda ngazi ambaye jioni harudi nyumbani na mikono michafu. Juu yake sikumjua mtu.

Mtaani kwetu mtu hujifunza ngazi hiyo kabla ya kujifunza kuhesabu, kwa kuwa jiji lenyewe lilipangwa hivyo. Wakoloni walijiwekea magharibi ya Nairobi, kwenye miinuko na miti. Wahindi wakawa na Ngara na Parklands. Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, karibu na reli na viwanda walivyovitumikia. Pumwani ilianza miaka ya mwanzo ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa, na watu wake, wakiwamo wanawake waliokuwa wamejijengea nyumba za kupangisha kwa jasho lao, wakahamishwa. Wengine waliishia kwenye nyumba mpya za manispaa zilizoitwa Shauri Moyo. Wazee wa mtaa husema jina hilo limebeba uchungu wa wahamishwa wale.

Babu yangu alifika mwaka 1944 kupakua mizigo relini. Aliwahi kuvaa kipande, ile karatasi ya alama za vidole na rekodi ya mwajiri iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kilifutwa mwaka 1947, vikaja vitambulisho vya watu wa rangi zote. Lakini hata uzeeni, afisa yeyote akimsimamisha, mkono wa babu ulikwenda kifuani peke yake.

Baba hakuvaa kipande. Alianza kazi Kamukunji mwisho wa miaka ya 1970, hatua chache kutoka chumba chetu. Yeye na wenzake walipasua madramu ya mafuta, wakayanyoosha juu ya kipande cha reli kilichokuwa fuawe yao, wakatoa karai, majiko, mabeseni, na kila Desemba na Januari masanduku ya shule, mchana na usiku. Hawakuwa na paa. Ndiyo maana wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wameandika ripoti juu ya Kenya wakisema kazi za namna hii zina tija na zinalisha watu, hazistahili kufukuzwa na askari wa jiji. Ripoti ilikaa ofisini. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji akaahidi kuwajengea vibanda, na vibanda vikaja. Baba huisimulia ziara ile kwa makini ya ajabu, nani alisimama wapi, nyundo zilinyamaza saa ngapi. Nilipokuwa mdogo nilidhani anajivunia kumwona rais. Leo naelewa kwamba alikuwa akieleza siku ambayo mtu wa juu aliiangalia kazi yake.

Sikumchukia baba. Naomba hilo lieleweke. Nilimpenda, na wakati huo huo nilijifunza kumwonea haya, na walionifundisha haya hiyo hawakuwa watu wabaya. Mama alifua mashati yake peke yake, mbali na nguo zetu. Jirani aliponiona na kitabu alisema, soma kabisa, usije ukagonga bati. Kanisani baba alitia mikono mfukoni hata wakati wa kusalimiana. Na yeye mwenyewe, aliponipelekea karo ya kwanza iliyokuwa noti ndogo ndogo zenye kutu, aliniambia, "Soma, mama, usije ukapigwa na jua kama mimi." Huniita mama kwa kuwa nimechukua jina la mama yake.

Nikasoma. Nikawa mwalimu wa historia.

Kila mwaka nilipofika Misri ya kale nilichora pembetatu ubaoni, na niliipenda ile pembetatu kuliko michoro yangu yote. Kileleni Farao. Chini yake waziri mkuu na makuhani na wakuu. Halafu waandishi. Halafu askari, mafundi, wakulima, na chini kabisa watumwa. Wanafunzi waliinakili kwa rula, nikaitolea maswali ya mtihani, na aliyemtaja fundi juu ya mwandishi nilimkata alama. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka 10. Mkono ulioshika chaki ulikuwa umelipiwa karo na fundi wa mabati, na sikuwahi kusimama hata mara moja nikaona hilo.

Kilichonisimamisha ni kitabu nilichoazimwa na mwalimu mwenzangu likizo moja ya Agosti, juu ya kijiji kiitwacho Deir el-Medina.

Kijiji hicho kiko ng'ambo ya Nile, mkabala na mji wa leo wa Luxor. Kilikuwa na nyumba karibu 70 zilizobanana ndani ya ukuta, na kwa takriban miaka 400, kuanzia karibu 1500 KK, waliishi humo mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme kwenye bonde lililo nyuma ya mlima. Mwaka 1922 dunia nzima ilishangilia dhahabu ya Tutankhamun iliyofukuliwa bondeni. Mwaka huo huo, upande huu wa mlima, Mfaransa Bernard Bruyère alianza kuchimba kijiji cha mafundi, na akaendelea hadi 1951. Dhahabu haikuwapo. Palikuwa na vigae. Maelfu ya vipande vya mawe ya chokaa na vyungu vilivyovunjika, vimeandikwa wino: nani anamdai nani punda, nani amepewa magunia mangapi, nani hakuja kazini.

Nilisoma habari ya kigae kimoja kilichoko jumba la makumbusho la British Museum, cha mwaka wa 40 wa Ramesses II, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Kinataja mafundi 40 na siku walizokosa kazini, na sababu. Huyu aliumwa na nge. Huyu anaumwa macho. Huyu anapika pombe. Huyu anashughulikia maiti ya mama yake. Nilikisoma kitandani huku nje nyundo za Kamukunji zikilia, kwa kuwa likizo nilikuwa nyumbani Shauri Moyo, na kwa mara ya kwanza tabaka nililolifundisha miaka 10 likawa na macho yanayouma na msiba wa mama.

Sura iliyofuata ikaeleza kuhusu alama. Mafundi wengi wa kijiji kile hawakuwa wakiandika maandishi kamili, lakini kila mmoja alikuwa na alama yake, mara nyingine nukta na vistari, mara nyingine mnyama au umbo tu, na kwa alama hizo walihesabiana zamu na posho, wakazitia kwenye vyombo vyao vya nyumbani. Wataalamu wameziorodhesha. Zimo kitabuni, ukurasa baada ya ukurasa. Nilizipitia moja moja kama mtu anayetafuta jina la kwao katika orodha ya waliofaulu.

Na bado hilo silo lililonivunja.

Kuna maandishi ya kale ya Misri, ya karibu miaka 4,000, ambamo mzee aitwaye Dua-Khety anampeleka mwanawe Pepi kwa mashua katika shule ya waandishi. Njiani anamsimulia kazi zote za mikono, moja baada ya nyingine, na kila moja anaitukana. Mfua shaba mbele ya tanuri anamwelezea kuwa na vidole vigumu kama ngozi ya mamba na harufu kupita ya samaki. Kinyozi, mfinyanzi, mwashi, dobi, mkulima, hakuna anayeponea. Mwandishi peke yake ndiye asiye na bosi. Maandishi hayo yalipendwa sana na walimu, wakayafanya zoezi la kunakili kwa vizazi na vizazi. Na nakala zake nyingi, zilizojaa makosa ya wanafunzi, zimeokotwa Deir el-Medina. Watoto wa mafundi walijifunzia kuandika kwa kunakili maneno yanayowatukana baba zao.

Niliweka kitabu chini. Nilikumbuka insha nilizoandika darasa la saba, "Nikiwa mkubwa", zenye ofisi na viatu vinavyong'aa. Nilikumbuka bweni. Nilikumbuka wanafunzi wangu na rula zao, na wengi wao ni watoto wa mafundi, wachuuzi wa soko la Gikomba, wauza nyama wa soko la Burma. Mimi ndiye Dua-Khety wao. Nililia usiku ule, kwa sauti ya chini, maana chumba kilikuwa kimoja na baba alikuwa amelala upande wa pili wa pazia.

Sitaki kuwapamba Wamisri. Pembetatu yangu haikuwa uongo. Wakulima ndio waliokuwa wengi, nafaka yao ilipimwa na kuchukuliwa, na mafundi wa kijiji kile walikuwa na nafuu kubwa: mfanyakazi wa kawaida alipewa kwa mwezi magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri, pamoja na samaki, mboga na kuni zilizoletwa na wengine, na wajakazi wa serikali waliwekewa siku za kuwasagia unga. Wajakazi hao hawakuachiwa vigae vya kusimulia siku zao. Ila pembetatu huchorwa na mtu, na mtu huyo huwa amekaa mahali. Misri waliochora walikuwa waandishi, wakajiweka juu ya kila mwenye nyundo na jembe. Mimi niliinakili kwa kuwa nami nilikuwa nimepanda hadi penye kalamu na sikutaka mtu aniulize nilianzia wapi.

Mafundi wale nao hawakukubali kila walichoandikiwa. Mwaka wa 29 wa Ramesses III, yapata 1157 KK, posho zilichelewa. Wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu na kuwaambia maofisa kuwa wameletwa pale na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, na Farao aambiwe. Mwandishi wao Amennakht aliyaandika hayo kwenye mafunjo yaliyoko sasa Turin, Italia. Ndio mgomo wa kwanza duniani ambao habari zake tunazo.

Niliposoma hapo nilimkumbuka babu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, ng'ambo tu ya Barabara ya Jogoo kutoka kwetu, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh, alisimama mbele ya umati akadai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Babu alikaa nyumbani siku zote zile. Nilimsikia akilitaja jambo hilo mara mbili tu maishani mwake, wala sikumuuliza swali hata moja, mimi niliyekuwa nikijiandaa kuwa mwalimu wa historia. Alifariki mwaka 2001. Hilo halina wa kunisamehe.

Asubuhi nilikwenda Kamukunji. Baba alikuwa amechuchumaa akikunja kingo za karai. Masikio yake yamechoka kwa miaka ya nyundo, hivyo ilinibidi niseme kwa sauti, mbele ya mafundi wenzake, jambo nililotaka kulisema kwa kunong'ona. Nikamweleza bweni, sanduku la buluu, alama, na neno karani.

Akaendelea kukunja mpaka alipomaliza ukingo mzima. Halafu akaweka nyundo chini.

"Ile fomu ya kukupeleka shule," akasema, "unaikumbuka? Palikuwa na mahali pa kuandika kazi ya mzazi. Niliandika biashara."

Nikamtazama.

"Nilidhani nikiandika fundi wa bati watakuweka nyuma."

Tulikaa hivyo, watu wawili waliokuwa wamedanganya jambo moja, mwaka mmoja, kila mmoja akimkinga mwenzake, au akijikinga mwenyewe; sijui kulitenganisha. Nikamuuliza ile alama ina maana gani. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina, au herufi za kabila, au ukumbusho wa mtu.

"Haina maana," akasema. "Sanduku likiachia, mtu ajue pa kulirudisha."

Siku hizi nikifika Misri sichori pembetatu kwanza. Natangulia na kigae. Nawapa wanafunzi vipande vya vigae vya paa na kalamu ya makaa, kila mmoja aandike aliyekosa kazi nyumbani kwao juma lililopita na sababu yake. Majibu yao siwezi kuyaandika hapa, ni ya familia zao. Kisha tunasoma mafundi 40 wa Ramesses. Pembetatu huja mwisho, kwa sababu mtihani unaitaka, na ninapoichora nawauliza aliyeishika kalamu alikuwa amekaa wapi. Muhula wa pili nawapeleka Kamukunji. Baba huwaonyesha jinsi bati linavyosomwa kwa kidole kabla ya kukatwa, jinsi ribiti moja ikikaa vibaya sanduku zima litalegea. Mara ya kwanza alivaa koti la kanisani. Mara ya pili alivaa nguo za kazi.

Lilibaki deni moja. Yule rafiki wa bweni nilimtafuta miezi kadhaa kupitia wenzetu wa zamani. Nilipompata kwa simu nikamweleza yote bila kupumzika, kama mtoto anayeungama. Akakaa kimya, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema sanduku bado analo. Huweka humo hati za shamba na vyeti vya watoto, na bawaba moja imeng'oka.

Akaja nalo Jumamosi moja, sisi watatu tukasimama katikati ya makelele ya Kamukunji. Rangi ya buluu ilikuwa imepauka. Chini ya komeo hapakuwa na alama yoyote, nikahisi tumbo likinikaza, nikawaza kwamba labda kumbukumbu yangu ilinidanganya miaka yote. Baba akapitisha kidole gumba pale.

"Komeo hili si langu," akasema.

Mtu fulani alikuwa ameligongomea la dukani, pana kuliko la kwanza. Baba akatia patasi, akaling'oa. Pale lilipokuwa limefunika, buluu ilikuwa bado kali kama siku ile ya kuripoti, na katikati yake nukta tatu na kistari kimoja.

Rafiki yangu akainama akazigusa. Baba alikuwa ameshaanza kuchagua bati la komeo jipya.

"Ni pesa ngapi, mzee?" akamuuliza.

Baba akataja bei, ya komeo na ya bawaba, bila kupunguza kitu, na rafiki yangu akalipa.